UZI: Letusi kwenye msimu wa joto, shughulikia mche kwanza ndipo uulize aina ya mbegu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Joto likianza tu, swali ni lile lile: "Letusi zangu zimerefuka kama miti, zimekuwa chungu, zimetoa maua kabla sijachuma. Nitafute mbegu gani?" Kisha yanamwagwa majina ya aina kumi, mtu ananunua mbegu inayosifiwa, anaimwaga kwenye tuta linalowaka, na wiki mbili baadaye haoni hata mche mmoja. Anahitimisha kwamba kauziwa mbegu mbovu.

Aina ya mbegu ina nafasi yake, nitaifikia. Lakini msimamo wangu ni kwamba letusi ya msimu wa joto huamuliwa kwenye mwezi wake wa kwanza, kabla haijagusa bustani. Huwezi kulipoza tuta zima. Trei ya miche unaweza kuibeba mikononi ukaipeleka penye ubaridi. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya uzi huu.

Letusi inapenda hewa ya nyuzi joto 15 hadi 20 hivi. Joto likipanda huiumiza katika hatua tatu, na kila hatua ina dawa yake. Watu wengi huchanganya hatua hizi, ndiyo maana wanatibu pasipouma.

Hatua ya mbegu. Hii ndiyo wanaoisahau wengi. Mbegu ya letusi huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 18 hadi 21. Ukifika 27 hivi, aina nyingi zinaanza kusitasita, na ukipita 30 unaweza usione chochote. Mbegu haijafa, imejifunga. Babu yake wa mwituni, Lactuca serriola, asili yake ni maeneo yenye kiangazi kikali na kikavu; mbegu iliyoota katikati ya kiangazi kama kile ilikauka bila kuacha uzao, iliyosubiri ubaridi na mvua ikaishi. Tabia hiyo bado imo ndani ya pakiti unayonunua leo. Ubaya zaidi, mbegu iliyolowa ikakaa kwenye joto kali kwa siku kadhaa inaweza kulala usingizi mzito kiasi kwamba hata udongo ukipoa baadaye haiamki upesi. Kuendelea kumwagilia tuta la moto ukisubiri ziote ni kupoteza maji.

Na kumbuka, udongo mtupu unaopigwa na jua la mchana huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, tena kwa tofauti kubwa. Mbegu ya letusi hukaa pale pale juu. Kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzi 28 wakati mbegu yako inaungua kwenye zaidi ya 35.

Hatua ya jani. Kwenye joto mmea hupoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Majani yanakuwa magumu, kingo zinaungua, na ule utomvu mweupe unaongezeka uchungu. Uchungu huo unatokana na kemikali za kundi la laktusini zilizomo ndani ya utomvu.

Hatua ya shina. Siku ndefu na joto kali huiambia letusi kwamba muda umekwisha, itoe mbegu. Moyo wa mmea unainuka, shina linarefuka, majani yanachongoka. Kwa walio mbali na ikweta, siku za saa 14 na zaidi zinachangia sana. Kwa walio karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, mchochezi mkuu ni joto lenyewe, na kiu na msongamano huongezea.

Sasa kazi yenyewe.

Chukua trei yenye vyumba, au chombo chochote kifupi chenye matundu chini. Jaza mchanganyiko mwepesi: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), au mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa. Samadi mbichi usiiguse hapa. Lowesha mchanganyiko kwanza, uache uchuje, kisha panda jioni. Nasisitiza jioni kwa sababu saa zile za mwanzo mbegu inapofyonza maji ndipo joto linapoamua iote au ijifunge, na ukipanda jioni unaipa usiku mzima wa ubaridi. Weka mbegu mbili kwa kila chumba, zigandamize kidogo, nyunyiza juu safu nyembamba mno ya mchanganyiko ule ule, isizidi nusu sentimita. Trei ikae kivulini penye hewa, hata ndani ya nyumba sakafuni, kwa sababu sakafu huwa na ubaridi kuliko meza.

Kama usiku kwako nao ni wa moto, tumia jokofu. Weka mbegu kwenye karatasi nyororo iliyolowa, funga ndani ya mfuko, ziache kwenye jokofu (si kwenye barafu) siku tatu hadi tano, kisha zipande. Ubaridi ule huondoa sehemu kubwa ya usingizi. Zipo pia mbegu zinazouzwa zikiwa zimeandaliwa kiwandani na kuvikwa udongo mfano wa kidonge. Hizo huvumilia joto zaidi wakati wa kuota, ila hazidumu ghalani. Nunua za msimu mmoja tu.

Siku ya pili hadi ya tano utaona vichwa. Hapo hapo zitoe kivulini, zipeleke kwenye mwanga mwingi. Ukichelewa zitarefuka shingo, nyembamba na dhaifu, na mche wa namna hiyo hauna maisha kwenye joto. Jua la asubuhi zipate, la mchana zikingwe. Punguza ubaki mche mmoja kwa kila chumba: kata ule dhaifu kwa mkasi, usiung'oe, maana utatikisa mizizi ya mwenzake.

Maji ya kiasi. Kitalu kinacholoa saa zote huleta kinyausi, mche unakatikia usawa wa udongo na kulala. Mwagilia asubuhi, uso wa mchanganyiko uwahi kukauka kidogo kabla ya usiku, na hewa ipite.

Mche uko tayari ukiwa na majani halisi matatu hadi matano, kwa kawaida wiki ya tatu mpaka ya tano tangu kupanda. Kwenye joto chagua upande wa mapema. Mche uliozeeka kwenye trei, mizizi ikazunguka chumba mara kadhaa, umeshapata mshtuko. Ukiupeleka bustanini hukimbilia maua. Ni afadhali mche mdogo wenye nguvu kuliko mkubwa uliochoka.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, zikomaze: ongeza saa za jua kidogo kidogo, punguza maji bila kuziacha zinyauke. Kisha subiri jioni au siku ya mawingu. Lowesha trei, lowesha shimo, toa mche na bonge lake zima, uweke kwa kina kile kile ulichokuwa nacho. Usifukie moyo, utaoza. Nafasi ni sentimita 20 hadi 25 kwa aina za majani, 30 kwa zinazofunga kichwa. Mwagilia papo hapo, mwaga maji kwenye shina.

Kivuli ni lazima, ila kivuli cha mchana tu. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 inatosha. Ukizidisha, letusi inarefusha shingo kutafuta mwanga na majani yanakuwa membamba. Iinue juu ya mimea ili hewa ipite, usiilaze. Wasio na neti wapande upande wa mazao marefu, nyanya zilizowekewa miti au maharagwe yanayotambaa, mahali ambapo jua la alasiri limezuiwa.

Kisha matandazo: nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita tano hivi, yasigusane na shina. Mizizi ya letusi iliyopandikizwa hukaa juu juu, karibu yote ndani ya sentimita 30 za kwanza. Huko ndiko joto na ukavu vinaanzia. Ukifunika udongo umeulinda mmea mahali unapoumia.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani mkuu kwa somo. Mimi zangu nilizifukia kama maharagwe, kidole kizima kwenda chini, nikidhani huko ndani kuna ubaridi. Hakuna kilichoota. Ni kina au ni joto?

Mleta uzi

Ndugu yangu, inawezekana ni vyote viwili, lakini kina peke yake kinatosha. Mbegu ile ni ndogo, akiba yake ya chakula haiwezi kusukuma mche kutoka kidole kizima. Tena mbegu nyingi za letusi zinahitaji mwanga ili ziote. Hili lilithibitishwa kitambo. Mwaka 1952 Harry Borthwick na wenzake, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, walitumia mbegu za letusi aina ya Grand Rapids. Walipozimulika kwa mwanga mwekundu ziliota. Walipofuatisha mwanga mwekundu wa mbali, ule ulio mwishoni kabisa mwa wigo tunaouona, zikagoma. Wakirudia mwekundu zikaota tena. Mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Utafiti ule ulifungua njia ya kugunduliwa kwa fitokromu, protini inayoufanya mmea utambue mwanga.

Kwa mkulima wa nyumbani maana yake ni nyepesi: mbegu ikae juu, ifunikwe kiasi cha kutokauka tu. Na joto na mwanga vinahusiana. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mbegu inavyozidi kudai mwanga. Kwenye ubaridi unaweza kuifukia kidogo ukasamehewa, kwenye joto hapana.

Mchangiaji wa pili

Naomba kupingana nawe kidogo mleta uzi. Letusi iliyopandwa moja kwa moja kwenye tuta ina mzizi mkuu unaoshuka chini. Ukipandikiza unauvuruga huo mzizi, mmea unabaki na vimizizi vya juu. Sasa kwenye ukame nani ana nafuu? Wazee wetu wote walimwaga mbegu shambani wakala letusi.

Mleta uzi

Hoja yako ni ya kweli, na nakuheshimu kwa kuileta. Mzizi mkuu wa letusi isiyohamishwa hushuka zaidi, na penye maji haba hilo ni faida. Msimu wa baridi, au udongo ukiwa chini ya nyuzi 24 hivi, mwaga mbegu tutani bila wasiwasi. Hasa ukitaka majani machanga ya kukata kama majani ya bizari, pale hakuna haja ya miche kabisa.

Tatizo ni kwamba mzizi mkuu hauna faida kwa mbegu ambayo haijaota. Kwenye tuta la moto unapata mche mmoja hapa, mmoja kule, unapanda tena kujaza mapengo, unaishia na mimea ya umri tofauti inayokubana usijue lini uchume. Mche wa trei unakupa bustani iliyojaa. Pia unapunguza wiki tatu au nne za mmea kukaa tutani, na kwenye joto kila wiki unayoipunguza ni wiki ambayo shina halijapata kurefuka. Hasara ya mizizi ya juu naifidia kwa matandazo na maji ya mara kwa mara. Nikipima pande zote mbili bado nachagua mche.

Mchangiaji wa tatu

Dada naye anaomba kuuliza. Majina basi, tupe majina. Tumechoka kusoma kwenye pakiti "inavumilia joto" bila maelezo.

Mleta uzi

Dada yangu, nakupa majina, ila kwanza elewa kundi, maana jina unaweza usilipate dukani.

Kundi ninaloliamini kuliko yote ni Batavia. Hukaa katikati ya letusi ya majani na ile ya kichwa: majani manene, yanayokatika kwa mlio, yanafunga kichwa kilegevu. Humo utakuta Nevada, Sierra, Muir na Cherokee yenye rangi nyekundu. Zinachelewa kurefuka na uchungu wake unachelewa pia. Mtu anayeanza, aanze na hizi.

Kwenye zile ndefu za kusimama, Romaine, iko Jericho iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya mazingira ya joto. Ni kubwa na inahitaji nafasi. Zile laini za siagi kwa ujumla ni dhaifu kwenye joto, isipokuwa Buttercrunch inayojikaza kuliko ndugu zake. Chuo Kikuu cha Hawaii nacho kilitoa Anuenue, letusi ya kichwa iliyokusudiwa nchi ya joto.

Za majani matupu kama Salad Bowl na Black Seeded Simpson ni njia nyingine ya kushinda: huwahi. Siku 45 hadi 50 tangu kupanda mbegu unakula, na majani ya nje unaweza kuanza kuyachuma mapema zaidi. Kwangu hilo ni bora kuliko uvumilivu, mmea unaoliwa kabla joto halijauchosha.

Ile ya kichwa kigumu, Iceberg, msimu wa joto iacheni. Inahitaji siku 70 hadi 85 na usiku wa baridi ili ifunge. Utaihudumia muda wote huo upate mpira uliolegea wenye shina ndani.

Halafu neno "inavumilia joto" halimaanishi haitorefuka. Maana yake ni kwamba itakupa muda zaidi, labda wiki moja au mbili kuliko ya kawaida. Ukiitesa kwa kiu inarefuka kama nyingine.

Mchangiaji wa nne

Letusi zangu nje ziko safi, nikifungua ndani majani madogo yana kingo za kahawia kama yameungua. Jirani kasema ni ukosefu wa chokaa, nimwage chokaa. Ni kweli?

Mleta uzi

Jirani yako yuko karibu na ukweli, ila dawa siyo hiyo. Majani yale yamekosa kalsiamu, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, na maji hufuata majani yanayopumua sana, yale ya nje. Majani ya ndani yamejikunja, hayatoi mvuke mwingi, basi kalsiamu inayapita. Mmea ukikua kwa kasi kwenye joto, au ukiushibisha mbolea ya naitrojeni, majani ya ndani yanakua haraka kuliko kalsiamu inavyofika, kingo zinakufa.

Kwa hiyo punguza naitrojeni, maji yaende kwa mpangilio bila kufululiza kiu halafu mafuriko, weka kivuli cha mchana, chuma mapema kabla kichwa hakijabana. Chokaa iweke kama udongo umepimwa ukaonekana una asidi nyingi. Letusi hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8 hivi. Kumwaga chokaa bila kupima kunaweza kukuharibia udongo kwa miaka.

Mchangiaji wa tano

Nimeamka nakuta miche imekatwa chini kabisa, imelala. Kinyausi?

Mleta uzi

Kama iko bustanini na imekatwa kama kwa wembe, huyo ni sota. Fukua udongo kuzunguka mche kwa vidole, utamkuta kiwavi amejikunja. Muue, kisha zungushia kila mche mpya kipande cha karatasi ngumu, kiingie udongoni sentimita mbili tatu. Kinyausi huacha shina limesinyaa na kulegea kama uzi uliolowa, na huonekana zaidi kitaluni. Ukiona utelezi unaong'aa na matundu kwenye majani, hao ni konokono, wanapenda matandazo yaliyoloa. Mwagilia asubuhi badala ya jioni na uwaokote usiku kwa tochi. Vidukari wakague chini ya majani, waoshe kwa maji ya nguvu wakiwa bado wachache. Hao usiwadharau, wanasambaza virusi vya batobato.

Mchangiaji wa sita

Zangu zimeshaanza kuinuka katikati. Nikikata kile kichwa cha juu zitarudi kuwa tamu?

Mleta uzi

Hapana mkuu. Mabadiliko yameshafanyika ndani ya mmea mzima, ukikata juu utachipua vishina vya pembeni navyo vitafuata njia ile ile. Ukiona moyo umeanza tu kuinuka, vuna mmea wote asubuhi ya kesho, jua halijapata nguvu, majani yakiwa yamejaa maji. Yatumbukize kwenye maji baridi, yakaushe, yaweke kwenye jokofu. Yasikae pamoja na matunda yanayoiva, gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huyaletea madoa ya kahawia. Uchungu wa mwanzo mwanzo unavumilika. Shina likifika urefu wa kiganja, hayo yape kuku.

Ndiyo maana nawasihi msipande trei moja kubwa mkatulia. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Wakati moja inainuka, nyingine iko katikati, nyingine iko kwenye trei kivulini.

Mchangiaji wa saba

Swali la mwisho toka kwangu. Mbegu za kutoka bustanini naweza kupanda tena au zinabadilika?

Mleta uzi

Unaweza, na letusi ni rahisi kuliko mboga nyingi kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe. Aina mbili zikiwa na mita tatu au nne kati yake, kuchanganyika ni kwa nadra. Mbegu zilizoandikwa F1 (chotara) pekee ndizo zisizorudi vile vile, na kwenye letusi hizo ni chache.

Ila hapa watu wanafanya jambo linalowaumiza kwa miaka bila kujua: wanachukua mbegu kwenye mmea wa kwanza kutoa maua, kwa kuwa ndio uliowahi. Huo ndio mmea usioutaka! Ukirudia hivyo unachagua letusi zinazokimbilia maua. Wa kwanza ung'oe. Funga utambi wa rangi kwenye mmea uliochelewa kuliko wenzake wote, ulioendelea kuwa na majani mazuri joto likiwa kali, huo ndio uuache uzae. Utarefuka karibu mita moja, uwekee mti usianguke. Maua ni madogo ya njano, na wiki mbili tatu baada ya kuchanua utaona manyoya meupe yamejitokeza. Mbegu haziivi kwa pamoja, hivyo pitia kila siku kadhaa, inamisha kichwa ndani ya mfuko wa karatasi na ukitikise. Zianike kivulini, zifunge kwenye chombo kikavu, mahali pa baridi. Zikihifadhiwa vizuri huota kwa miaka mitatu au zaidi.

Na mbegu mpya kabisa, iliyotoka kuvunwa, mara nyingi huwa na usingizi wake wa asili. Ukiipanda mara moja ikagoma, usiitupe. Ipe miezi miwili hivi ikae kavu, au ipitishe kwenye jokofu kama nilivyoeleza juu.